Betri ya Mshereheshaji

Mshereheshaji mmoja wa shughuli za harusi, ambaye kwa kumheshimu sitamtaja jina, aliwahi kufungua kinywa mbele ya wageni zaidi ya mia mbili mjini Tukuyu ili amtambulishe baba mzazi wa binti anayeagwa, na badala ya maneno ikamtoka sauti ya gitaa la besi. Waliokuwapo wamelisimulia jambo hilo kwa namna nyingi, na wapo wanaoapa kwamba ulikuwa ushirikina. Haukuwa ushirikina. Nilikuwa mimi, mpiga besi wa bendi, na kwa kuwa mpiga solo wetu huisimulia habari hii kila Jumamosi kwa kuiongezea chumvi, nimeona niiandike mwenyewe kabla haijawa mboga isiyolika.

Mwaka huo, kuelekea Pasaka, nilinunua gitaa la besi la mtumba kutoka kwa mwanamuziki mwenzangu aliyekuwa akihama Mbeya. Gitaa langu la zamani lilikuwa la kawaida: nyuzi nne, pikapu mbili za kunasa sauti ya nyuzi, na waya mmoja wa kwenda kwenye amplifaya. Hili jipya lilikuwa na betri ya volti 9 tumboni mwake, inayoendesha saketi ndogo ya kuikuza sauti kabla haijatoka kwenye gitaa, hivyo mpigaji anaweza kuongeza uzito wa chini au ukali wa juu kwa vitufe vilivyo karibu na mkono wake bila kwenda kumsujudia fundi mitambo. Nililipeleka mazoezini kama mtu anayepeleka mtoto wake wa kwanza kanisani. Kiongozi wetu wa bendi, mzee aliyeanza kupiga muziki wa dansi kabla sijazaliwa, aliligeuza, akakiona kifuniko cha betri mgongoni, akanitazama kwa huruma.

“Mdogo wangu,” akasema, “tangu lini ng'ombe akatiwa betri ili atoe maziwa?”

Nilimjibu kwa hotuba, na katika hotuba hiyo nilimgusa pia mpiga kinanda, jambo ambalo lilikuja kunigharimu. Mpiga kinanda wetu, kama wengi waliolelewa na kwaya, ana mkono wa kushoto usiotulia: kila akiona nafasi huushusha kwenye noti za chini na kuanza kutembea juu ya njia ya besi, nasi wawili tukabaki tukikanyagana kama watu wanaopita mlango mmoja. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba sasa bendi ilikuwa imepata besi ya kweli, na kwamba kuanzia siku hiyo mkono wake wa kushoto angeweza kuuweka mfukoni. Hakujibu neno.

Kosa lenyewe lilianzia ukutani. Gitaa nililitundika sebuleni, kwetu mtaa wa Soweto, Mbeya, na nilipofanya mazoezi usiku nilitumia kikuza sauti kidogo, kama kiberiti kwa ukubwa, kinachochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la gitaa na kusikilizwa kwa hedifoni, ili mke wangu na watoto walale. Nikimaliza, nilikizima na kwenda kulala nikijihesabu kuwa mtu mwangalifu. Aliyeniuzia gitaa alikuwa amenieleza jambo moja ambalo niliitikia kwa kichwa pasipo kulisikiliza: kwamba magitaa ya aina hii kwa kawaida hayana swichi ya kuwashia, kwa sababu tundu la waya ndilo swichi yenyewe. Ukichomeka, betri imeanza kazi. Usipochomoa, inaendelea kufanya kazi hata kama gitaa limetundikwa na mwenyewe anakoroma. Saketi hiyo hunywa umeme kwa kijiko cha chai, lakini kijiko cha chai kikichota usiku na mchana tangu Pasaka hadi katikati ya Julai humaliza pipa.

Siku ya shughuli tuliondoka Mbeya mapema, vyombo kwenye Noah moja na watu kwenye nyingine. Kutoka mjini hadi Tukuyu ni kama kilomita 70, lakini mwezi wa Julai safari hiyo hupimwa kwa makoti. Tulipopita Uyole tulikuwa tumefunga zipu, na tulipofika Isyonje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliendesha akiwa ameinama juu ya usukani kama mtu anayesoma barua ya deni. Mimi nilitumia giza hilo kutoa elimu. Niliwaeleza wenzangu kwamba kabla ya mwaka 1951 wapiga besi wengi walihangaika na lile dude la kusimama lenye ukubwa wa kabati, lisilo na alama yoyote shingoni, ndipo Leo Fender wa California akatoa gitaa la besi la umeme lililoenea sokoni, lenye vijuti vya chuma shingoni ili kila noti ipatikane mahali pake kamili, na ndiyo maana akaliita Precision.

“Na hiyo ya 1951,” akauliza kiongozi wetu kutoka kiti cha mbele, “ilikuwa na betri?”

Nililazimika kukiri kwamba haikuwa nayo. Gari zima lilicheka. Nilikuwa na jibu zuri sana, kwamba mwaka 1976 Leo Fender huyohuyo, akiwa na kampuni ya Music Man, alihusika kutoa besi ya StingRay ambayo ilikuwa na betri, lakini nilipolikumbuka tulikuwa tumefika Kiwira na wote walikuwa dirishani wakipatana bei ya ndizi.

Wakati wa kujaribu vyombo ukumbini, besi yangu ilikuwa na mkwaruzo. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza mkwaruzo huo unatoka wapi. Mimi niliusifia. Nilimwambia mpiga solo kwamba hiyo ndiyo ladha ya besi za zamani, ambayo watu huitafuta kwa fedha nyingi.

“Mimi nasikia chura ndani ya spika,” akasema mpiga solo.

Sherehe yenyewe, ile ambayo wengi huiita sendofu, ilianza vizuri. Binti aliingia na wasindikizaji wake kwa rumba ya taratibu, chura akiwa bado hai, tena akiwa na staha. Kisha familia ya mama ikaitwa kuja kumpongeza binti, mabibi wa vitenge vya sare wakajimwaga sakafuni, nasi tukapanda kwenye sebene. Hapo ndipo chura alipofariki. Hakufa ghafla, alikohoa mara tatu, akawa mdogo, akawa mbali, kisha nikabaki nikivuta nyuzi nne za chuma ambazo hazikutoa kitu zaidi ya sauti ya kucha.

Katika sebene ni mpiga solo anayetuzwa. Ndiye anayebandikwa noti kwenye paji la uso, na hakuna aliyewahi kunibandika mimi hata sarafu. Kwa hiyo nilitarajia, na hata kuomba, kwamba hakuna atakayegundua. Nilimwashiria fundi mitambo kwa kidole gumba aniongeze, naye akaipandisha njia yangu hadi juu kabisa ya mashine. Niliwasha vitufe vyote vya amplifaya hadi mwisho. Kisha nikaendelea kupiga kwa bidii maradufu huku nimekunja uso, maana mpiga besi asiyesikika hana silaha nyingine isipokuwa uso.

Waliogundua ni mabibi. Solo ilikuwa ikilia, ridhimu ikijibu, dramu zikipigwa, mwimbaji akiwataja wajomba mmoja mmoja. Hakikukosekana kitu isipokuwa sakafu ya kukanyagia. Viuno vikapunguza mwendo. Mstari wa mbele ukaanza kucheza upande huu na wa nyuma upande ule. Bibi mmoja akasimama kabisa, akaitazama miguu yake kana kwamba ndiyo iliyokosea, kisha akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, mbele yangu, wala si mbele ya mpiga solo.

“Mjukuu wangu, wimbo umekwisha?”

“Shikamoo, bibi. Bado haujaisha.”

“Marahaba. Mbona kama umehama?”

Nilimgeukia mpiga kinanda kwa macho ya mtu anayezama. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukicheza kwa madaha makubwa. Wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa koti, na alipoona ninautazama aliusukuma ndani zaidi.

Chakula kilituokoa. Wageni walipopanga foleni nilijificha nyuma ya spika, nikafungua kifuniko, nikaitoa betri na kuigusa kwa ulimi, kama tulivyokuwa tukizipima utotoni. Haikuniuma hata kidogo. Ningeweza kuinyonya kama pipi. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha, ile isiyojali kwamba mikoa mingine iko kiangazi, na duka moja tu lilikuwa wazi. Mama mwenye duka hakuwa na betri ya volti 9, lakini hakuwa mtu wa kumwachia mteja aondoke hivihivi.

“Chukua hizi za redio sita, baba,” akasema. “Moja na nusu mara sita, si ni tisa?”

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, na kama gitaa langu lingekuwa na mkoba ningemsikiliza. Nilirudi nimelowa, nikapima kwa macho kila kitu ukumbini: saa ya ukutani, rimoti ya televisheni, tochi ya mlinzi. Vyote vilikuwa vya betri za mviringo. Ndipo nilipokiona kipaza sauti kisicho na waya cha mshereheshaji, kimelazwa juu ya meza ndogo kando ya jukwaa, mwenyewe akiwa anamalizia kuku. Baadhi ya vipaza sauti vya aina hiyo hutumia betri ya volti 9.

Naomba nieleweke kwamba nilijishauri. Nilijiambia kwamba mwimbaji alikuwa na kipaza sauti cha waya, kwamba mshereheshaji angeweza kukitumia, kwamba ningemweleza mara tu nitakapohakikisha gitaa linafanya kazi, na kwamba fundi mitambo ndiye ilipasa niombe ruhusa kwake, ila alikuwa nje akila ndizi. Nilizungusha kitako cha kipaza sauti, nikaitoa betri nzima, na kwa aibu ambayo hadi leo siielewi nikatia ile mfu mahali pake, ili mwenyewe akikishika asihisi wepesi.

Nisichokijua ni kwamba mwenyekiti wa kamati alikuwa amemnong'oneza mshereheshaji kwamba muda umekwenda. Nisichokikumbuka ni kwamba njia yangu kwenye mashine ilikuwa bado imepandishwa hadi juu kabisa, na amplifaya pia. Nikiwa nyuma ya spika, nikatia betri, nikafunga kifuniko, nikachomeka waya, na kwa kidole gumba nikaupiga kwa nguvu uzi wa nne, ule mnene, ukiwa wazi. Uzi huo unatoa noti ya E yenye mitetemo kama 41 kwa sekunde, sauti ambayo mtu huisikia kwa tumbo kabla masikio hayajapata habari.

Wakati huohuo mshereheshaji alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, amenyoosha mkono kuelekea meza kuu, amevuta pumzi, amefungua kinywa chote kwa ajili ya kusema “Baba mzazi”.

Ikatoka E.

Glasi za meza kuu zilipiga kelele zenyewe. Ndafu, aliyekuwa amesimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni, alitikisa kichwa kama mzee anayekataa mahari. Mtoto mmoja alilia, kisha wote wakalia. Mshereheshaji, ambaye ni mtu wa kazi, hakukifunga kinywa. Aliendelea na utambulisho wake wote, midomo ikienda, mikono ikienda, na kwa kuwa betri ya kipaza sauti ilikuwa maiti na spika zikiendelea kunguruma, hakikusikika chochote. Baba mzazi aliyekuwa ameinuka nusu alibaki hivyohivyo, hakai wala hasimami. Ndipo mzee mmoja karibu na mlango akatamka neno ambalo chini ya Mlima Rungwe, volkano yenye urefu wa zaidi ya mita 2,900, hakuna anayengoja lirudiwe: “Tetemeko!”

Niliona migongo ya wageni mia mbili. Wengine walitoka na sahani. Mpiga dramu wetu, kijana wa Chunya, alitoka na kiti chake.

Iliwachukua kamati muda kuwarudisha watu kutoka kwenye mvua, na ilimchukua kiongozi wetu muda mfupi zaidi kufika nyuma ya spika. Alinikuta nimekaa na gitaa mapajani. Alikitazama kifuniko cha betri, akamtazama fundi mitambo aliyekuwa amekifungua kipaza sauti na kukuta ndani yake betri asiyoifahamu, na hakuuliza swali. Shughuli iliyobaki mshereheshaji aliiendesha kwa kipaza sauti cha waya, ambao ulikuwa mfupi, kwa hiyo wazazi wa pande zote mbili ndio waliomfuata jukwaani kutambulishwa, naye akizunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mimi nilipiga hadi saa sita usiku kwa betri yake. Ilikuwa na sauti nzuri mno.

Yule bibi alinijia mwishoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Ndaga fijo, mjukuu wangu,” akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. “Sasa umerudi. Lakini ukirudi siku nyingine, piga hodi.”

Katika mgawo wa malipo nilikatwa bei ya betri mbili, moja ya gitaa na moja ya kipaza sauti, na mpiga kinanda alipokea fungu lake kwa mkono wa kushoto. Tulipanda Isyonje kimya, ukungu uleule, hadi karibu na Uyole kiongozi wetu alipozungumza bila kugeuka.

“Huyo Fender wako hakuandika popote kwamba waya unachomolewa?”

Siku hizi, nikimaliza mazoezi, mke wangu huniuliza kutoka chumbani kama nimechomoa, na hata watoto wameanza kuuliza. Jumamosi iliyopita tulipiga kwenye harusi moja Mwanjelwa, na mshereheshaji alikuwa yuleyule. Alinisalimu kwa uchangamfu mkubwa, akanipa mkono wa kulia, akaniulizia nyumbani na kazi. Mkono wa kushoto, wenye kipaza sauti, aliuweka nyuma ya mgongo mpaka nilipoondoka.