Floraidi ya sodiamu au ya bati: ipi hulinda enameli dhidi ya asidi?

Wanunuzi wengi wa dawa ya meno huangalia namba: 1,000 ppm au 1,450 ppm (sehemu kwa milioni) za floraidi. Kwa kuzuia kuoza, kipimo hicho kinafaa. Kwa jino linaloliwa na soda, ndimu, ukwaju au asidi ya tumbo inayopanda usiku, namba haitoshi. Tazama pia floraidi hiyo imeungana na nini.

Asidi ya bakteria wanaokula sukari huanza kuyeyusha enameli, tabaka gumu la nje la jino, pH (kipimo cha asidi; ikiwa chini, asidi ni kali zaidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, tena polepole. Soda ya kola ina karibu 2.5, na huosha uso mzima wa jino.

Sodiamu floraidi huacha juu ya enameli chembe za kalsiamu floraidi, akiba nzuri dhidi ya kuoza, lakini asidi kali huziyeyusha upesi. Sodiamu monoflorofosfati hufanya kazi kwa kuchelewa zaidi, kwa kuwa floraidi yake haiachiwi mpaka vimeng'enya vya mate viikate. Inapendwa na watengenezaji kwa sababu inakaa vizuri na unga wa chokaa, ambao ungeinasa floraidi ya kawaida, na hivyo dawa inakuwa ya bei nafuu. Stanasi floraidi ni habari nyingine: bati lake hung'ang'ania enameli na kuacha utando ambao asidi huubandua kwa shida. Katika majaribio ya vipande vya enameli vinavyochovywa kwenye asidi, mara nyingi ndiyo inayoongoza.

Basi wote tuihamie? Hapana. Ina ukakasi mdomoni, na michanganyiko ya zamani ilijulikana kwa kuacha madoa ya kahawia. Wakazi wa Arusha na Meru, ambako maji yenye floraidi nyingi yameweka kahawia kwenye meno ya wengi tangu utotoni, wasichanganye mambo haya mawili: doa la bati liko juu na daktari hulisugua likatoka, la maji limo ndani ya enameli. Tena bati huharibika likikutana na maji na hewa, kwa hiyo tyubu iliyopita tarehe haina nguvu ile. Na maabara si mdomo, maana mate nayo hulinda. Asiyekunywa soda kila siku wala kusumbuliwa na kiungulia anatoshwa na sodiamu floraidi ya 1,450 ppm.

Matumizi nayo huharibu dawa nzuri. Piga mswaki laini kabla ya chai ya asubuhi, tema povu, usisukutue kwa maji. Dawa za mkaa za kung'arisha ziache, maana enameli iliyolainishwa na asidi husuguliwa ikaisha. Mjamzito anayetapika asikimbilie mswaki. Asukutue kwanza kwa kijiko cha chai cha baking soda katika glasi ya maji.

Ulikaji wa meno uangalie kwenye kioo. Magego yakiwa na vishimo vya mviringo kwenye ncha, au jino lililozibwa likawa na kizibo kilichochomoza juu kama kisiwa, ujue enameli ya pembeni imeshashuka. Meno yakipata ganzi kwa embe bichi, stanasi floraidi inastahili bei yake: hupunguza ganzi na kulinda kilichobaki, ingawa hairudishi kilichokwisha kuliwa.