Kodi Ilinishinda

Kila ninapojitambulisha kwa jirani mpya huku nilikohamia, swali la pili au la tatu huwa lile lile: mbona umehama kwenu? Kwa miezi mingi nilikuwa na jibu langu la heshima. Nilisema nimeamua kubadilisha mazingira. Nilisema nimechoshwa na msongamano. Watu waliitikia kwa kichwa, wakanipongeza kwa ujasiri, nami nikapokea pongezi nisizostahili, maana sikuamua chochote. Kodi ya nyumba ilinishinda. Kama ningeimudu, hata leo ningekuwa kule, na siku zangu zikifika ningezikwa kule.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kuona madhara ya lile jibu la heshima. Tuko wengi sana, katika nchi nyingi, tunaoondoka sehemu zilizotulea kwa sababu maisha yamepanda mpaka hayashikiki, halafu tukifika tuendako tunasema "tumeamua". Waliobaki nyuma, hasa wenye madaraka, wanasikia kwamba watu wanahama kwa hiari yao. Basi hakuna anayeulizwa kitu.

Hakuna siku moja ninayoweza kuinyooshea kidole nikasema, hapa ndipo nilipofukuzwa. Kodi ilipanda kidogo, ikatulia, ikapanda tena. Mwenye nyumba wangu hakuwa mkorofi. Alikuja mwenyewe, akakaa, akaeleza kwamba riba ya mkopo wake wa benki imepanda, na mimi nikamwelewa. Tukahamia nyumba ndogo zaidi, mtaa wa pili. Mwaka mmoja na nusu baadaye tukasogea pembezoni, ambako kodi ilikuwa nafuu, kumbe unafuu wenyewe unaliwa na nauli. Alfajiri nilikuwa njiani kabla watoto hawajaamka, na usiku nilirudi wamelala. Nilikuwa naishi katika sehemu ninayoipenda kuliko zote duniani, na nilikuwa naiona kwa mwanga wa jua Jumapili tu.

Mwenzangu ndiye aliyekuwa akitunza daftari la matumizi. Ukilipitia daftari lile tangu mwanzo utaona jinsi familia inavyojipunguza kimyakimya. Kwanza zilikatwa safari. Kisha nguo, isipokuwa za shule. Kisha tukaacha kualika watu nyumbani, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mtu asiyealika anaacha kualikwa. Nilipoanza kuahirisha daktari wa meno, mwezi baada ya mwezi, mwenzangu alifunga daftari akaniuliza tunachopigania hapa ni nini hasa. Kipimo kinachotumika sana kwa mambo ya makazi ni asilimia 30: kaya inayotumia zaidi ya hapo ya kipato chake kwa nyumba huhesabiwa kuwa imelemewa. Sisi tulikuwa tumevuka nusu ya kipato miaka miwili kabla ya kuondoka, na bado nilikuwa najiambia mambo yatakaa sawa.

Nilichelewa, na ningependa anayesoma haya akiwa katika hali ile asichelewe kama mimi. Kuhama kunataka fedha. Kuna amana ya nyumba mpya, gari la mizigo, na siku za kazi unazozikosa. Tuliposalimu amri, akiba yote ilikuwa imekwisha kulipia miezi ya kung'ang'ania, ikabidi tukope ili tuweze kuondoka. Nawajua walio chini yetu ambao hata huo mkopo hawaupati. Hao hawako kwenye hesabu ya wanaohama wala ya wanaoishi vizuri. Wamebanwa palepale, watu sita kwenye chumba kimoja.

Tulipoaga ukoo, baba mdogo alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mwacha asili ni mtumwa." Sikumjibu, kwa heshima, lakini methali ile imekaa nami tangu siku hiyo. Nimejiuliza hapa nani kamwacha mwenzake. Asili yangu nimeibeba yote, lugha, majina ya watu wetu na namna yetu ya kusalimiana. Utumwa nilioujua mimi ulikuwa kule kule, wa kufanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya paa. Baba mdogo ana nyumba aliyoinunua zamani kwa fedha ambayo leo hailipi kodi ya mwaka mmoja. Tulitembea barabara moja, tukasalimiana na watu walewale, lakini yeye aliishi katika sehemu ya bei za ujana wake na mimi katika ya bei za sasa. Simwonei kijicho. Nasema tu kwamba alikuwa anaihukumu safari yangu kwa hesabu ambayo yeye hajawahi kuifanya.

Na pengo hilo wakati mwingine linaandikwa kabisa kwenye sheria. Jimbo la California, tangu mwaka 1978, lina kanuni inayozuia thamani ya nyumba inayotozwa kodi ya serikali kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka maadamu haijauzwa. Ilipitishwa ili wazee wasing'olewe na kodi, na katika hilo ilisaidia. Lakini matokeo yake ni kwamba majirani wawili wenye nyumba zinazofanana wanaweza kulipa viwango vilivyoachana mno, kwa sababu mmoja alitangulia kufika. Kijana anayeanza maisha ndiye anayebeba mzigo mzito.

Kuna methali nyingine nimeikumbuka mara nyingi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali nzuri, na naamini bado ni ya kweli mgeni anapokuja kukaa na mwenyeji. Shida ni pale nyumba ya mwenyeji inapogeuzwa kuwa bidhaa ya kuuzia wageni, siku kwa siku, naye mwenyeji akaambiwa apishe. Mji wa kale wa Venice, wenye mifereji, ulikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Sababu ni zaidi ya moja, lakini utalii na bei za nyumba ni miongoni mwa kubwa. Katika visiwa vya Canary, tarehe 20 Aprili 2024, makumi ya maelfu ya watu waliandamana kulalamikia utalii usio na mipaka na nyumba ambazo wenyeji hawazimudu tena. Waandamanaji wale hawakuwachukia wageni. Wengi wao wanaishi kwa kazi ya kuwahudumia wageni hao hao, na mshahara wa kazi hiyo ndio usiotosha kodi ya visiwani.

Mfano unaonigusa zaidi ni Hawaii. Visiwa vikuu vya huko ni 8, lakini watu wake wana kisiwa cha tisa: ndivyo wanavyoiita Las Vegas, mji ulio katikati ya jangwa, kwa sababu ndugu zao wengi wamehamia huko kufuata maisha wanayoyamudu. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba Wahawaii wa asili wanaoishi nje ya Hawaii sasa ni wengi kuliko waliobaki. Watu wa bahari, ambao wazee wao walivuka Pasifiki wakisoma nyota, leo wengi wao wanalea watoto mbali na ardhi ya mababu, na kodi ya nyumba ni moja ya sababu. Nikiwaza hilo, kuhama kwangu mwenyewe kunakuwa kudogo, lakini pia naona ni jambo la jamii nzima, si aibu yangu peke yangu.

Wapo wanaosema soko limeamua, na kwamba hakuna mwenye haki ya kuishi mahali kwa kuwa tu anapapenda. Kuna ukweli ndani yake. Ardhi haiongezeki, na sehemu nzuri inatakiwa na wengi. Lakini nani aliifanya iwe nzuri? Mmarekani Henry George, katika karne ya 19, alisimamia hoja kwamba thamani ya ardhi haitoki kwa mwenye hati. Inatoka kwa jamii nzima inayoishi na kufanya kazi kuizunguka. Mimi nimeiona hoja hiyo kwa macho yangu. Mtaa wetu ulipendwa kwa sababu mwalimu alijulikana kwa jina, mzee fulani alipanda miti mbele ya nyumba yake, watoto walicheza nje hadi jioni bila mtu kuhofu. Sisi wapangaji tulikuwa sehemu ya hayo yote. Tuliutengeneza mtaa ukapendeza, kisha tukatozwa kwa kupendeza kwake.

Na soko lenyewe haliko hewani. Kuna watu wanaokaa vikao wakaamua ghorofa ziwe ngapi, kiwanja kipi kisijengwe, nyumba ipi igeuzwe ya kulaza watalii, nyumba tupu itozwe nini. Vikao hivyo vinaweza kuamua vingine. Mji wa Vienna ulianza miaka ya 1920 kutoza kodi maalumu ya kugharamia ujenzi wa nyumba, iliyowaelemea zaidi wenye nyumba za kifahari, na kati ya 1923 na 1934 ukajenga zaidi ya nyumba 60,000 za wakazi wa kawaida. Leo karibu nusu ya watu wa mji ule wanaishi katika nyumba za manispaa au zenye ruzuku. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za nyumba zaidi ya 10,000 za kupangisha watalii hazitahuishwa zitakapomalizika mwaka 2028. Sitadai kwamba dawa ni rahisi. St Ives, mji mdogo wa pwani ya Uingereza, ulipiga kura mwaka 2016 kuzuia nyumba mpya zisiwe za likizo, na wenye fedha wakageukia nyumba za zamani. Hata hivyo, dawa isiyokamilika ni bora kuliko kuambiwa kwamba hakuna mgonjwa.

Hasara nyingine hazikuwamo kwenye daftari letu. Mama yangu alikuwa anakaa na watoto mchana. Huku tunamlipa mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka mama kliniki. Sasa anasubiri mdogo wangu apate ruhusa kazini, na kuna miezi hapati. Nilipolinganisha kodi ya kule na ya huku niliona unafuu mkubwa sana. Nikijumlisha malezi, safari za kwenda kumwona mama, na kazi ya mkono kwa mkono ambayo ndugu na majirani hufanyiana bure, unafuu uliobaki ni kama nusu. Na kuna lisilohesabika. Aliyefiwa hupewa pole. Sisi tunapewa hongera ya nyumba mpya, wakati kule tulikotoka kunaendelea kupambazuka kila siku, mvua inanyesha, watoto wa wengine wanapita njia yetu.

Jambo ninalotaka litiliwe maanani kuliko yote ni hili. Anayehama anaondoka na kura yake. Aliyeumizwa zaidi na kodi ndiye wa kwanza kutoweka kwenye orodha ya wapiga kura, na wanaobaki kuamua ni wale ambao kupanda kwa bei kunawafaa au hakuwagusi. Baada ya sensa ya 2020, California ilipoteza kiti kimoja katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, ambako viti hugawanywa kwa idadi ya watu, kutoka 53 hadi 52, kwa mara ya kwanza katika historia yake, na waliohama kwa ajili ya gharama wamo katika hesabu hiyo. Watu wakiondoka kimya, wakisema wamebadilisha mazingira, kila kikao kinachofuata kinakuwa chepesi zaidi kwa wasiotaka chochote kijengwe.

Wiki iliyopita jirani yangu wa zamani alinipigia simu. Kuna kiwanja kile kilichokaa tupu tangu utoto wetu, na halmashauri inataka kujenga hapo nyumba za kupangisha kwa bei ambayo mwalimu au nesi anaimudu. Wenye nyumba wengi wa mtaa wanapinga kwa kuwa zitaziba mandhari na kushusha thamani ya nyumba zao. Kikao ni mwezi ujao, na yeye ameomba kusema. Aliniuliza kama nina neno la kumpa.

Nilimwambia ataje jina langu, mwaka niliozaliwa pale na mwaka niliotoka. Halafu aseme kwamba kodi ilinishinda.

Alinyamaza kidogo. "Una uhakika? Mtaa mzima utajua."

Nikamwambia ndiyo, wajue.