Nani Aliwaambia Kwamba Ni Mtoto Wake?

Juzi nimetumiwa picha ya mtaani: mwanamume ameinamia simu, kando yake mtoto analia, na chini yake mtu ameandika, "Wazazi wa siku hizi." Wachangiaji wamemsulubu. Nani aliwaambia kwamba ni mtoto wake? Nani anajua kama hakuwa akimtafutia mama yake?

Mwaka 2017, baada ya shambulio la daraja la Westminster, London, ilisambazwa picha ya mwanamke mwenye hijabu akimpita majeruhi, simu mkononi, akashutumiwa kwamba hajali. Alikuwa amefadhaika na akiwasiliana na jamaa zake. Mpiga picha mwenyewe alijitokeza kumtetea, na akaunti iliyovumisha shutuma hizo baadaye ikabainika kuwa ya propaganda kutoka Urusi. Picha ilikuwa ya kweli kabisa. Uongo ulikuwa katika maneno yaliyobandikwa juu yake, nasi tuliyameza kwa sababu kamera iliyofunguka kwa sekunde 1/250 haiwezi kuonyesha mtu alikotoka wala anakokwenda, na pengo hilo tunalijaza kwa chuki tuliyokuja nayo. Hata yule mwanamke katika picha iliyopigwa na mpiga picha Mmarekani Ruth Orkin mwaka 1951, anayepita katikati ya wanaume jijini Florence, alieleza mara nyingi kwamba hakuwa akiogopa, na bado kuna watu wanaoijua hofu yake kuliko yeye.

Dawa ingekuwa kumuuliza mtu kwanza, lakini nakubali, shingo upande, kwamba tukidai ruhusa kabla ya kila picha tutabaki na tabasamu za kupangwa tu.

Wala mimi si msafi. Niliwahi kumpiga picha mwanamke aliyeketi peke yake kwenye ngazi, uso ameufunika kwa viganja, na kabla sijashusha kamera nilikuwa nimeshaipa picha hiyo jina: "Upweke." Nilipomsogelea kwa sauti ya kufariji, kama mtu aliyeingia msibani, alinijibu bila kuinua uso kwamba nisimpotezee hesabu, amefika thelathini na nane, na wapwa zake wawili bado wanatafuta pa kujificha.

Picha hiyo ninayo, na jina nimelifuta. Kinachoniudhi ni kwamba kila ninapoitazama bado namwona mwanamke mpweke.