Liverpool 1847: waliotolewa mashimoni walikwenda wapi?

Historia ya afya ya jamii Uingereza haikosi kuisifu Liverpool. Januari 1847 ulikuwa mji wa kwanza nchini kuwa na mganga mkuu wake, Dk. William Henry Duncan, akisaidiwa na mhandisi James Newlands na bwana afya Thomas Fresh. Sifa wanastahili. Ila moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kuwatimua watu kwenye vyumba vya chini ya ardhi, na watu hao husimuliwa kana kwamba nao ni taka zilizozolewa.

Duncan alikuwa na hoja. Vyumba vile vilikuwa na dari fupi, giza, na uchafu wa vyoo vya jirani ukichuruzika ukutani. Ripoti ya 1842 ya Edwin Chadwick, ofisa wa serikali aliyepigania usafi wa miji, ilitaja wastani wa umri wa kufa kwa familia za vibarua wa Liverpool kuwa miaka 15, wastani ulioshushwa hasa na vifo vya watoto wadogo. Mganga gani angenyamaza?

Lakini hakuna aliyehamia shimoni kwa kupenda giza. Ndiyo kodi aliyoimudu, tena karibu na bandari, ambako kibarua huokotwa asubuhi kwa kazi ya siku moja. Ukimhamisha mbali, na riziki umemkatia. Na mwaka wenyewe ndio ule ambao njaa ya Ireland ilishusha watu wapatao 300,000 bandarini hapo. Wenye nauli waliendelea Marekani. Wasio nayo walibaki wakitafuta pa kulala. Ukifunga chumba cha chini wakati kama huo, familia inapanda ngazi na kubanana na wenzake wa juu. Taifasi, homa kali ya kuambukiza, ilikuwa inaua ovyo. Mapadri 10 wa Kikatoliki waliohudumia wagonjwa walikufa mwaka huo. Kwamba chawa ndio waenezaji, mtafiti Mfaransa Charles Nicolle alikuja kuligundua 1909, kwa hiyo hapo simlaumu Duncan. Ila ubaya wa msongamano aliujua. Alikuwa ameuandikia tangu 1843.

Kinachonisumbua zaidi ni miaka. Nyumba za kwanza za kupangisha zilizojengwa na halmashauri ya mji, St Martin's Cottages, zilijengwa 1869. Miaka 22! Mtoto aliyetolewa shimoni akinyonya, kama alipona, alikuwa ameshafikia umri wa kuoa. Duncan mwenyewe alifariki 1863 bila kuziona.

Watetezi husema fedha zilikwenda kwenye mitaro ya majitaka, na kwamba enzi hizo kujenga nyumba ilikuwa biashara ya watu binafsi. La mitaro nawaunga mkono. Kazi ya Newlands iliokoa wengi. La pili halinitoshi. Mwaka huohuo wa 1847 mji uliweza kusimamisha mabanda ya wagonjwa wa homa na kutia nanga meli za hospitali mtoni Mersey. Haraka hiyo ilipatikana kwa aliyekwisha kuugua; aliyefungiwa mlango akiwa bado mzima aliambiwa ahame tu.