Bibi wa Guangzhou anacheza, mama wa Temeke anazomewa

Jioni nikitoka kwenye mizigo kule Xiaobei, hapa Guangzhou, China, huwa nakatisha bustani ya Yuexiu, na hapo lazima nilikute duara la wazee wanapiga jianzi. Jana bibi mmoja, kichwa kizima mvi, akaniita kwa mkono. Nikaweka mifuko chini, nikaingia.

Kwa ambao hamjakiona, ni kidude chenye manyoya manne ya bata bukini, yamechomekwa juu ya visahani vyembamba vilivyopangana. Kikigonga kiatu kinalia chak! Mkono hauruhusiwi. Unapiga kwa ubavu wa mguu, kwa goti, kwa kifua, ilimradi kisianguke. Yule bibi kilimpita begani. Akakunja mguu nyuma ya mgongo, akakirudisha kwa soli bila hata kugeuka. Wenzake wala hawakushangaa. Wachina wameutambua rasmi kuwa mchezo wa mashindano tangu 1984, una uwanja na wavu, lakini utamu wake uko pale chini ya miti.

Nilirudi nyumbani na furaha, na hasira pia. Mimi wa Temeke. Rede nimecheza mpaka magoti yakaota sugu. Nilipovunja ungo tu, basi: "Wewe sasa mtu mzima, unacheza na watoto?" Kaka zangu wana vitambi na chandimu bado wanacheza. Wazee wana bao na drafti. Mwanamke kabakiziwa shughuli, na huko nako uwe na sare na hela ya kutunza.

Najua mtasema keshakuwa Mchina huyu, anatudharau. Simdharau mtu. Mama yangu yuko huko huko, na kwa upendo na kujuliana hali hakuna wa kutufundisha sisi. Ndiyo maana hili linaniuma.

Mwingine atasema wenzetu wana pensheni. Kweli, wanawake wa viwandani hapa walikuwa wanastaafu na miaka 50, umri umeanza kupandishwa 2025. Lakini bibi hawa hawa ndio wanaolea wajukuu. Wanakuja na vitoroli vya mboga, wanaviegesha pembeni, wanacheza, kisha wanakwenda kupika. Na jianzi ni yuan chache tu, haihitaji pensheni.

Kuna watakaoleta hoja ya stara pia. Jamani, bibi hawa wanavaa suruali ndefu na mikono mirefu! Dera lenye suruali ndani linatosha kabisa.

Na msiniambie vikundi vya jogging. Navijua, navipenda, Temeke ndiyo kwao. Lakini nihesabieni mle wanawake waliovuka 50.

Kinachonichosha ni kwamba hao hao kina mama ndio wanaojaa kliniki za presha na sukari. Daktari anamwambia mama afanye mazoezi. Akatoke wapi? Kiwanja chetu cha rede kimejengwa fremu za maduka. Akikimbia barabarani alfajiri, vijana wa bodaboda wanamzomea, na jirani anauliza kama kachanganyikiwa. Akirudi ndani akakaa, tunamwita mama mwenye heshima zake.

Sasa ninyi mtakaoniita mjuaji, niambieni: huyu mama akacheze wapi, na nani kati yenu atamwacha acheze bila kumcheka?