Barua ya rufaa inapanda, nani amewahi kuiona ikishuka?

Mama mdogo ana bahasha moja ya kaki, ile kubwa, imechakaa mpaka pembe zimechanika, na humo ndani ndo kuna hospitali zote alizopita. Kikaratasi cha zahanati kilichoandikwa kwa peni ya bluu, fomu ya kituo cha afya, ultrasaundi ya wilaya, ultrasaundi ya mkoa, na ultrasaundi ya tatu ya Dar, zote za shingo ile ile na uvimbe ule ule. Mi ndo nilikua mbeba bahasha. Kila tukifika mahali papya natoa makaratasi, anayapokea mtu, anayaangalia juu juu, anauliza hivi vipimo mmepima wapi, nikimjibu anasema sawa mama lakini hapa tutarudia. Tukarudia, tukalipa, tukaongeza karatasi kwenye bahasha.

Sitaji hospitali yoyote hapa, maana haikua moja na kiukweli madaktari wenyewe walikua watu wazuri tu, wamechoka lakini wazuri. Ninachotaka kuongea ni hii ngazi yenyewe tunayopandishwa.

Kila Mtanzania anaijua hata kama hajasomea chochote cha afya. Chini kabisa zahanati ya kijiji, ambayo kwa mipango ya serikali inahudumia watu 6,000 hadi 10,000, juu yake kituo cha afya cha kata, watu kama 50,000, alafu hospitali ya wilaya, alafu rufaa ya mkoa, alafu kanda, Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, Mbeya, Benjamin Mkapa Dodoma, na juu kabisa Muhimbili pamoja na ndugu zake, MOI kwa mifupa, Ocean Road kwa saratani, JKCI kwa moyo. Na tusijidanganye, kwa miaka mingi kulikua na ngazi nyingine juu ya hapo, India. Mtu akisema "fulani kapewa rufaa ya India" mtaa mzima unashusha sauti.

Ukiichora hiyo kwenye karatasi inapendeza sana, piramidi kabisa. Ila hakuna mtu aliyewahi kukaa mezani akaichora yote kwa mkupuo mmoja, imeota vipande vipande, kila kipande na mwenye nacho na sababu zake, na ukijua ilivyoota ndo unaelewa kwanini bahasha ya mama mdogo iko vile.

Chukua Muhimbili yenyewe. Miaka ya 1890 Mjerumani yupo Dar, anajijengea hospitali yake pembeni ya bahari, Ocean Road, ikafunguliwa 1897, hiyo ni ya Wazungu. Waafrika na Wahindi wao wakawa na hospitali ya Sewa Haji, kwa jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetoa hela, Mhindi wa Kiismaili aliyekua anawakopesha na kuwapa vifaa watu wa misafara ya bara. Hospitali mbili mji mmoja, hazina uhusiano wowote wa maana, kinachoamua uende wapi ni rangi yako na wala sio ugonjwa. Mwingereza akaja kujenga nyingine mpya, ikafunguliwa 1956 kwa jina la Princess Margaret, na baada ya uhuru ndo ikawa Muhimbili. Leo ukilazwa jengo la Sewahaji pale Muhimbili umelala kwenye jina la yule mzee, sidhani kama hata nusu ya wanaolala pale wanajua.

Hiyo ni mjini. Huku porini serikali ya mkoloni haikua na haraka, waliokwenda ni wamisionari. Ndo maana mpaka leo mtu wa mjini anashangaa, inakuaje hospitali kubwa yenye jina iko Peramiho, iko Ndanda, iko Nkinga, iko Bumbuli, sehemu ambazo ukienda mara ya kwanza unauliza mara tatu kama njia ni hii kweli. Jibu ni kwamba hakuna aliyekua anapanga mtandao wa nchi, padri au mchungaji alifika, akajenga kanisa, shule na wodi, basi. Lingine likajengwa maili 100 mbele na dhehebu lingine, wakati mwingine hata hawasalimiani vizuri.

Kilichokuja kuwaunganisha sio serikali kwanza, ilikua redio kol, zile redio za kuitana kwa mbali, na ndege. Wale Flying Doctors, madaktari wa ndege wa shirika la afya la AMREF, walianzishwa 1957, madaktari watatu wapasuaji, na wazo lenyewe inasemekana lilipikwa shambani kwa mmoja wao, Michael Wood, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hebu fikiria hicho kitu walichofanya, hawakuanza kwa kujenga hospitali mpya, walichukua zilizopo wakaziunganisha kwa sauti na kwa rubani. Daktari wa misheni anaita redioni anaeleza mgonjwa wake, mpasuaji anapanda ndege anamfuata. Yaani bingwa ndo alikua anasafiri! Hili nitalirudia.

Ukaja uhuru na swali la kujenga nini. Mwaka 1964 timu ya profesa Richard Titmuss kutoka London ilitoa ripoti ya afya ya Tanganyika ikashauri mkazo uwekwe kwenye vituo vya afya vijijini kuliko mahospitali makubwa. Ushauri ukawekwa pembeni, mahospitali yakaendelea kula hela kwa muda. Azimio la Arusha la 1967 ndo likasema wazi kabisa kwamba hospitali kubwa ziko mijini zinanufaisha watu wachache, na mkopo wa kuzijenga analipa mkulima kwa mazao yake. Baada ya hapo kweli mambo yakageuka, miaka ya 70 vituo vya afya vilivyokua havifiki 30 wakati wa uhuru vikapita 200, zahanati zikaongezeka kwa mamia. Watu wazima wa leo wengi wamezaliwa na kuchanjwa kwenye hiyo kazi, mimi mmojawapo, siibezi hata kidogo.

Na wamisheni je? Hapa serikali ilifanya kitu ambacho mi nakiona cha akili sana na hakisifiwi. Wilaya haina hospitali ya serikali lakini kuna ya kanisa, badala ya kujenga nyingine ubavuni mnaandikishana mkataba, ya kanisa inakua Hospitali Teule ya Wilaya, serikali inalipa mishahara na kuchangia, kanisa linaendesha. Sio kwamba mapenzi yalikua matamu muda wote, Bugando ilijengwa na Wakatoliki, ikafunguliwa 1971, mwaka uliofuata ikataifishwa, 1985 ikarudishwa kwa kanisa kwa makubaliano. Alafu 1977 wakapiga marufuku hospitali binafsi za biashara, 1991 wakaziruhusu tena, 1993 uchangiaji ukaanza, yaani ile dawa ya bure tuliyozoea ikapata dirisha la kulipia. Hapo na wauza huduma nao wakaingia kwenye mtandao, wengine wazuri, wengine ni duka lenye kitanda.

Kwahiyo ukijumlisha una mabaki ya Mjerumani, mabaki ya Mwingereza, ya misheni, ya Ujamaa na ya soko huria, vyote vinaitwa mfumo mmoja. Na juu ya hapo una mabosi wawili. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ziko chini ya halmashauri, maana yake TAMISEMI, ile wizara ya serikali za mitaa. Hospitali za rufaa za mikoa zilihamishiwa Wizara ya Afya kwa agizo la Magufuli. Sababu zilikuwepo na sitaki kubisha, ila kwa mgonjwa ina maana moja, ukitoka wilayani kwenda mkoani hujapanda ngazi tu, umevuka mpaka wa wizara. Mfumo wa kompyuta mwingine, faili jingine, namba nyingine, na kinachovuka na wewe ni bahasha ya kaki.

Tukija kwenye majengo. Tangu kama 2017 tumejenga kweli kweli, vituo vya afya vimepewa milioni 400 au 500 kila kimoja vipate chumba cha upasuaji na maabara, hospitali 67 za halmashauri zikaanza mkupuo mmoja, na huko vijijini wananchi wenyewe wanabeba tofali na maji, wananyanyua boma la zahanati wakisubiri serikali ipaue. Nani atapinga? Mama aliyekua anakimbizwa kilomita 80 kwa bodaboda sasa anapasuliwa kwenye kata yake, hilo ukilipinga una lako jambo. Ila jengo linazinduliwa. Lina utepe, lina jiwe la msingi, lina picha. Barua ya majibu kutoka hospitali ya rufaa kurudi zahanati haina utepe, na ndo maana haipo.

Kwa karatasi ipo, eti. Ile fomu ya rufaa katika sehemu nyingi ina sehemu ya chini ya kujazwa na aliyempokea mgonjwa, ikatwe irudishwe kwa aliyemtuma. Niulizeni mi niliyebeba bahasha, ile sehemu ya chini ilikua nyeupe pee kwenye zote.

Wakubwa wanapenda kulalamika kwamba wananchi tunaruka ngazi, mtu ana mafua anakwenda hospitali ya mkoa, anajaza foleni. Ni kweli tunaruka. Dar ilibidi Amana, Temeke na Mwananyamala zipandishwe kuwa za rufaa ili Muhimbili ipumue, na bado. Lakini mtu haruki ngazi kwa ujeuri, anaruka kwa sababu ameshapiga hesabu. Ukienda zahanati ukaambiwa dawa hakuna, nenda duka lile pale, ukaenda kituo cha afya mashine ipo mtaalam yuko semina, ukafika wilayani wakakuandikia rufaa, umemaliza nauli na siku tatu kupata karatasi ya kukuruhusu kwenda pale ulipojua toka mwanzo utaishia. Mara ya pili utapita zahanati? Ubishi wa nini. Mi mwenyewe siku hizi naruka, nakiri.

Sasa kuna mambo mawili yananipa moyo, na yote mawili sio majengo. La kwanza ni m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na wazazi. Ilianzia Sengerema na Shinyanga, ikasambazwa nchi nzima kuanzia 2022. Mjamzito au mzazi akipata shida inapigwa 115, kuna kituo cha uratibu mkoani kinapokea, wanaangalia ambulensi iko wapi, kama haipo wanampigia dereva wa kawaida wa pale kijijini aliyesajiliwa, mwenye kitaksi au noah, anambeba, akifika hela yake inaingia kwenye simu. Hawakununua ambulensi elfu moja, wametambua tu kwamba gari lipo, simu ipo, aliyekosekana ni mtu wa katikati wa kuviunganisha, na hospitali inayopokea inajua mgonjwa anakuja kabla hajafika!! Sijui kama wasomaji mnaelewa hilo lina ukubwa gani. Sisi tulifika mara nne bila mtu kujua tunakuja.

La pili ni hizi kambi za madaktari bingwa kushuka kwenye halmashauri, zimeshika kasi toka 2024. Zinafanyika siku chache alafu wanaondoka, na kuna siasa zake, mabango na fulana, najua. Ila watu wanapanga foleni toka saa kumi alfajiri, na yule daktari wa wilaya anasimama pembeni ya bingwa anaona anavyofanya. Ni lile lile la mwaka 1957, bingwa ndo anasafiri. Mgonjwa mmoja kusafiri kwenda Dar ni mgonjwa, msindikizaji, nauli mbili kwenda mbili kurudi, pa kulala, chakula, na shamba lililoachwa. Bingwa mmoja akishuka zinaokolewa safari za watu mia. Hesabu hii haihitaji shahada.

Ningekua na mamlaka kidogo tu ningefanya kimoja. Hospitali ya rufaa isihesabiwe imemaliza na mgonjwa mpaka majibu yamemfikia aliyemtuma, kwa simu, kwa wasap, kwa njiwa, sijali. Huyo mganga wa zahanati ndo jicho la kwanza la nchi nzima. Anakaa na watu elfu kadhaa, ana kipimo cha malaria, mashine ya presha na vidole vyake. Akituma wagonjwa 50 kwa mwaka na haambiwi hata mmoja alikua na nini, atajuaje kama aliotea au alipatia? Tunamfundisha miaka mitatu chuoni alafu tunamnyima shule ambayo ingemjia bure kila wiki.

Mama mdogo alifanyiwa upasuaji, yuko salama, kovu liko shingoni kama mkufu na yeye ndo anavyoliita. Mwezi uliopita nilikwenda kijijini nikapita zahanati kusalimia. Yule mganga ni kijana tu, ndo aliyemgundua, alimshika shingo siku aliyokwenda kwa ajili ya kikohozi akamwambia mama hapa kuna kitu. Akaniuliza, "Eti kaka, yule mama walisema ilikua nini?" Nilikua na picha ya ile karatasi ya kuruhusiwa kwenye simu. Nikampa. Aliisoma taratibu, akaivuta ikawa kubwa, akairudia, alafu akafungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa nyingi mpaka akaifikia siku ile, akaandika pembeni ya jina la mama mdogo kwa peni nyekundu.