Ufunguo wa safari zetu uko Dodoma, sio London

Ni Aprili 2021, corona imebana safari, na mimi mtu wa Tanga ninayeishi Uingereza nikishika simu tu nakutana na swali moja: "Wanafungua lini?" Shangazi yangu wa Makorora anauliza, wadogo zangu wanauliza, hata jirani wa zamani wa Ngamiani ambaye hatujasalimiana tangu kabla sijaolewa, na yeye anauliza. Wamesikia redioni kwamba Uingereza inakusudia kuruhusu watu wake kusafiri nje kuanzia Mei 17, wakapiga hesabu za haraka haraka: Idd ni Mei 13 hivi, basi nitachelewa siku chache tu, pilau langu litawekwa.

Mei 17 ipo. Ila haituhusu sisi.

Aprili 9 serikali ya hapa ilitoa mpango wake wa safari. Nchi zote zitapangwa kwa rangi tatu, kijani, njano na nyekundu. Ukitoka nchi ya kijani unapima ukifika na maisha yanaendelea. Ukitoka ya njano unajifungia nyumbani kwako siku 10 na unapima mara mbili. Ukitoka nyekundu, kwanza lazima uwe raia au mwenye kibali cha kuishi hapa, la sivyo huingii kabisa. Na hata ukiwa nacho, unapokelewa uwanjani na kupelekwa hoteli waliyoichagua wao, siku 10, kwa gharama yako: pauni 1,750 kwa mtu mzima wa kwanza, 650 kwa wa pili, na 325 kwa mtoto wa miaka 5 mpaka 12. Hiyo ya mtu mmoja peke yake ni zaidi ya milioni 5 za kwetu, kabla hujanunua tiketi wala hujafikiria zawadi za watu.

Tanzania ilipigwa marufuku Januari 22 na mpaka leo ni nyekundu. Kulikuwa na ujanja ambao wengi tuliuwaza: utoke Dar, ukae siku 10 nchi ya jirani ambayo si nyekundu, ndipo uingie Uingereza kwa mlango wa kawaida. Nairobi ingefaa sana, tuna ndugu kule. Siku hiyo hiyo ya Aprili 9 Kenya nayo ikaingizwa. Addis, Doha na Dubai zilishatangulia. Wiki hii imeongezwa India, na hapa Leicester ninapoishi, mji ambao nusu ya majirani zangu wana wazazi Gujarat, ungedhani umepita msiba mtaani.

Shangazi haya yote hayamwingii. "Mwanangu, ndege si zipo? Mbona wazungu wanashuka Zanzibar kila siku?" Na ana haki ya kushangaa. Nyumbani anga ilifungwa Aprili 12 mwaka jana ikafunguliwa Mei 18, mwezi mmoja na kidogo, na karantini ikaondolewa hapo hapo. Mlango wa kuingia Tanga umekuwa wazi karibu mwaka mzima. Mlango uliofungwa ni wa kurudi kazini, na bila kazi hiyo hata hela ya futari ninayotuma haipo. Mtalii hana shida hiyo. Kwao kumefungwa au kumefunguliwa, yeye anarudi nchini mwake. Sisi wenye maisha ya nusu huku nusu kule ndio tunaobanwa na bawaba.

Nifanye haki kwa pande zote mbili, maana kuna wenzetu huku wakianza kuisifu nyumbani utafikiri tulikotoka corona haikufika, na wengine wakianza kuibeza utafikiri Uingereza hakufa mtu. Nchi hii imezika zaidi ya watu 127,000. Pamoja na hospitali zake na maprofesa wake wa kwenye televisheni kila jioni. Mwaka jana ugonjwa umepamba moto, abiria walikuwa wanashuka Heathrow na kupanda treni kwenda makwao bila kuulizwa. Karantini ya wasafiri ilianza Juni 8, wakati wimbi la kwanza lilishafanya kazi yake. Na Desemba, kirusi kipya kilipoonekana Kent, nchi kadhaa zikawafungia Waingereza milango na malori yakajipanga kuelekea Dover usiku na mchana. Walionja kidogo dawa wanayotupa sisi leo.

Leicester tuliipata kwa namna yetu. Juni 29 mwaka jana, wenzetu wa nchi nzima wakijiandaa kufungua maduka ya kinyozi na migahawa, sisi tuliambiwa tubaki ndani, mji wa kwanza kufungiwa peke yake. Tangu hapo sikumbuki lini niliingia nyumba ya mtu nikala bila kujihisi mhalifu.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Miezi mingi ndugu zao hawakuruhusiwa kuingia. Bwana mmoja, mume wa bibi niliyekuwa namhudumia, alikuwa anakuja kila Jumapili na kiti chake cha kukunja, anakikita kwenye majani nje ya dirisha, anapiga simu, nami nashika kipokeo sikioni mwa bibi kwa sababu mikono yake inatetemeka. Bibi haelewi kwa nini mumewe haingii. Ananigeukia: "Mwambie mlango hauna ufunguo." Mvua ikinyesha bwana anafungua mwavuli, anaendelea kusimulia habari za bustani. Mimi namfuta bibi machozi kwa glavu. Siku kama hizo naikumbuka baraza ya kwetu, wazee wamekaa bega kwa bega na vikombe vya kahawa, kashata zinapita mkono kwa mkono, na naomba radhi kwa wataalamu, lakini naona wivu.

Halafu inakuja Februari. Mjomba wangu alifariki Tanga. Ujumbe kwenye kundi la familia ulisema alikuwa na "changamoto ya upumuaji". Ndani ya siku chache kundi hilo hilo lilileta taarifa nyingine za watu wa Chumbageni, wa Duga, wa Muheza, wote changamoto ya upumuaji, na chini yake mtu anatuma kipimo cha tangawizi na limau na namna ya kujifukiza nyungu. Hakuna aliyepimwa. Mwezi huo huo Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki, Februari 17, na yeye angalau chama chake kilikuwa kimesema wazi kwamba ana corona. Wengine wote waliondoka na pumzi zao bila jina la ugonjwa.

Maziko yetu hayasubiri ndege, hilo tunalijua. Hata enzi za salama nisingewahi kaburini. Lakini ningewahi hitma, ningewahi arobaini, ningekaa ukumbini na shangazi tukachambua mchele huku tukimkumbuka marehemu. Badala yake mpwa wangu aliinua simu juu ya vichwa vya watu, nikaona kofia nyingi na tawi la mwarobaini, mtandao ukakata. Watu walikuwa mamia. Wiki iliyopita hapa alizikwa Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, waombolezaji 30 tu kwa mujibu wa sheria, na Malkia mwenyewe amekaa peke yake kwenye benchi na barakoa nyeusi. Shangazi alipoiona picha ile akasema hao watu hawana utu. Nikamwambia hapana, sheria ni moja kwa wote, hilo mimi nalisifu. Hatukuelewana, tukahamia kwenye bei ya nazi.

Sasa turudi kwenye swali la lini, maana hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wa kwetu walioko nje. Wengi wanaimba kwamba orodha nyekundu ni ubaguzi. Ubaguzi upo, sitabisha. Ukitazama ramani ya nchi nyekundu, ni Afrika kusini mwa Sahara na Amerika ya Kusini kwa wingi, na Ufaransa yenye wagonjwa lukuki haimo. Lakini kwetu sisi tatizo lina mguu mwingine. Takwimu za mwisho ambazo Tanzania ilizitoa ni za mwanzoni mwa Mei mwaka jana: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kimya. Mtu wa London anayekaa mezani kupanga rangi anaifungua faili ya Tanzania anakuta ukurasa mweupe. Unataka apake kijani kwa msingi gani?

Na usipojihesabu utahesabiwa na wenzio. Februari waziri wa afya wa Oman alisema kwamba asilimia 18 ya wasafiri waliofika kwao kutoka Tanzania walikutwa na virusi. Mwezi haukuisha, Oman ikafunga mlango. Oman, jamani. Hao sio wazungu wa kutuchukia. Hao ni watu wenye mashangazi Pangani na makaburi ya babu zao Tongoni na Zanzibar. Walipima watu, wakaona namba, wakafanya uamuzi. Hatukuwa na namba zetu za kuwajibu.

Ndiyo maana nasema tunakodolea macho mji ambao sio. Boris Johnson anaweza kufungua anga kesho asubuhi, Waingereza wakajaa Ureno na Hispania, na mtu wa Tanga akabaki alipo. Hotuba ninayoisubiri mimi itatoka Dodoma. Na dalili ziko. Aprili 6 Rais Samia alisema ataunda kamati ya wataalamu iitazame corona upya, akaeleza kwamba nchi haiwezi kujitenga na dunia wala kumeza kila kinacholetwa bila kukichunguza. Kwa mtu anayeishi nje, sentensi zile zilikuwa na thamani kuliko ratiba yote ya Mei 17. Kamati ikisema tutoe takwimu, tupime, tuchukue chanjo, basi kuna kitu cha kuweka mezani siku rangi zinapopangwa upya.

Kuhusu chanjo, najua nachokoza nyuki. Nilichanjwa mapema kwa ajili ya kazi, na hapa zaidi ya watu milioni 30 wameshapata dozi ya kwanza. Mkono uliuma, nikalala mapema, kesho yake nikaenda zamu. Nyumbani naulizwa kama bado nina uwezo wa kuzaa. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Kenya ilipokea dozi zaidi ya milioni 1 za COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo, mwezi Machi na wamekwishaanza kuchanja. Mtu wa Lunga Lunga anachanjwa, binamu yake wa Horohoro anatafuta majani ya kujifukiza, na wote wawili wanauziana samaki.

Kuna wanaosema cheti cha chanjo cha kusafiria ni utumwa mpya. Utumwa gani? Sisi tumekua na kadi ya njano ya homa ya manjano. Nani kati yetu hajapanga foleni ya kuchomwa sindano ile kabla ya safari, au hajamsikia mtu aliyeinunua kadi bila kuchomwa? Mipaka imedai chanjo tangu sijazaliwa. Kinachonikera ni kingine: kwa sasa hata aliyechanjwa dozi mbili akitoka nchi nyekundu analala hoteli ile ile na kulipa ile ile. Na kadi za kwetu zitakapoanza kutolewa naona mzozo mwingine unakuja, wa kuambiwa kadi ya hapa inatambulika na kadi ya hospitali ya Bombo, Tanga, haitambuliki, wakati chanjo ni moja na kiwanda ni kimoja. Hapo ndipo tutahitaji kelele. Tusizimalize sasa.

Wenye hela watasafiri, hilo halina mjadala. Nawafahamu waliolipa hoteli wakarudi wakisimulia chakula kibaya na dirisha lisilofunguka. Wapo waliofikiria kuficha walikotoka kwenye fomu, mpaka waliposikia kwamba kudanganya kunaweza kukupa kifungo cha hadi miaka 10, wakaikumbuka vizuri sana njia waliyopita. Kufunguka kwa safari kunafuata pasipoti na mfuko, na mtunza wazee wa Leicester yuko mwisho wa mstari kwa vyote viwili.

Mimi makisio yangu ni haya, na sina mtu wizarani. Idd hii nimeifuta. Idd ya kuchinja, Julai, nimeifuta pia, maana hata kamati ikimaliza kazi mwezi ujao, takwimu zikaanza kutoka, shehena ya kwanza ya chanjo ikashuka Dar, watu wa hapa watataka waone miezi kadhaa ya mwenendo kabla ya kugusa rangi. Nategemea Maulidi, mwezi Oktoba. Nimeisogeza tarehe yangu ya tiketi mpaka hapo, na shirika limenikata ada ya kubadilisha bila aibu, huku ndege zao zikiruka nusu tupu.

Kwa wenzangu wa Tanga mnaofikiria kujitosa Mei 17: kwenda mtakwenda, mtapokelewa vizuri, Raskazone mtaogelea. Piga kwanza hesabu ya kurudi, uiweke kando kwenye bahasha, ndiyo ukanunue tiketi. Na kibali chako kama kinaisha mwaka huu, usiondoke kabisa mpaka kipya kiwe mkononi. Shangazi nimeshamwambia Oktoba. Akauliza kama Oktoba ni uhakika, nikamjibu aulize Dodoma.